Soma Jina Dogo: Dawa Jenerika na Dawa za Jina la Kampuni

Pakiti nyingi za dawa zina majina mawili. Jina kubwa ni la biashara, limechaguliwa na kampuni. Jina dogo ni la dawa yenyewe. Ndani ya Panadol kuna parasetamoli. Ndani ya Flagyl, metronidazoli. Ndani ya Coartem, artemeta na lumefantrini, ile dawa mseto ya malaria.

Mbona bei hutofautiana?
Kampuni iliyogundua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida ya miaka 20, ili irudishe gharama za utafiti. Hataza ikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza. Dawa zao ndizo jenerika. Ushindani hushusha bei. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mseto wa dawa za kufubaza VVU kwa takriban dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, ilhali katika nchi tajiri matibabu hayo yalizidi dola 10,000.

Je, hutibu sawasawa?
Ndiyo, ikiwa imesajiliwa: na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania Bara, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Jenerika huwa na dawa ileile, kwa kipimo kilekile. Rangi, umbo na ladha huweza kutofautiana, pamoja na viungo vinavyoshikanisha kidonge. Mwenye mzio amweleze mfamasia.

Jenerika si dawa bandia. Bandia hudanganya kuhusu kilichomo au ilikotoka, na hata majina makubwa hughushiwa.

Jihadhari na dozi maradufu
Mama amempa mtoto Calpol. Bibi, bila kujua, anaongeza sirapu ya parasetamoli. Ni dawa ileile mara mbili, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, zihesabu.

Usibadilishe bila ushauri
Anayetumia dawa za kifafa, au warfarini ya kuzuia damu kuganda, asihame kampuni moja kwenda nyingine kabla ya kuzungumza na daktari. Kwa dawa hizi, tofauti ndogo ya kiasi kilichomo kwenye damu huweza kuleta madhara.

Ukiwa dukani
1. Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali, udai risiti.
2. Uliza: "Kuna jenerika yake iliyosajiliwa?"
3. Linganisha jina dogo na miligramu na vilivyoandikwa kwenye cheti cha daktari.
4. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na kama pakiti imefunguliwa.
5. Tunza pakiti hadi umalize dozi. Dawa ikikudhuru au usipopata nafuu, nenda nayo kituo cha afya.