Dawa Zikikosekana Hospitalini, Ni Nani wa Kuulizwa?

Mgonjwa akiandikiwa dawa kisha akaambiwa akanunue nje, kwa kawaida huilaumu "serikali". Ni serikali gani? Hapa Kenya, tangu mwaka wa 2013, tunazo za ngazi mbili, na kila moja ina sehemu yake ya afya.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo lililogawa kazi hizo. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera ya afya na hospitali kuu za rufaa, kama vile Kenyatta na ile ya Moi, Eldoret. Kaunti 47 zilipewa zahanati, vituo vya afya, hospitali nyingine za umma, ambulensi, na hata uzoaji wa taka, ambao mimi nauhesabu kuwa dawa ya kipindupindu kabla hakijabisha hodi. Ndiyo sababu hapa Nairobi hospitali za Mbagathi na Kenyatta, ingawa ni jirani, zina wakubwa tofauti.

Tatizo ni kwamba ugonjwa haujui mipaka hiyo. Chukua chanjo ya surua. Huletwa na serikali ya kitaifa, lakini muuguzi anayemdunga mtoto ameajiriwa na kaunti, na jokofu la zahanati ni la kaunti. Upande mmoja ukilegea, mtoto hurudi nyumbani bila chanjo.

Dawa nazo, kaunti hununua nyingi kutoka KEMSA, shirika la kitaifa. Deni likirundikana, shehena huchelewa. Kaunti nayo hujitetea kwamba Hazina Kuu imechelewesha mgao wake. Madaktari walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016, serikali hizi mbili zilivutana kuhusu mkataba wa 2013 huku wodi zikiwa tupu.

Kwa hivyo, zahanati ikikosa dawa, anza na msimamizi wake, kisha mkurugenzi wa afya wa kaunti na mwakilishi wa wadi yako. Risiti ya dawa uliyonunua nje ihifadhi, ni ushahidi. Lakini ikiwa taabu ni malipo ya bima ya SHA, hilo ni la serikali ya kitaifa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Katika mikutano niliyohudhuria, barabara huulizwa sana. Dawa, ni nadra.