SOMO LA AFYA: ANAYETUNZA WENGINE NAYE ATUNZWE



Tumezoea kufundishana juu ya malaria, kuhara na chanjo. Leo somo linahusu afya ya wale wanaotuhudumia: madaktari, wauguzi, wakunga, na sisi wahudumu wa kujitolea tunaozunguka vijijini. Wengi wetu ni wakimbizi kama wewe. Tunapanga mstari ule ule wa chakula, na tukitoka kazini tunakuta nyumbani shida zile zile.

1. UCHOVU WA KAZI NI NINI?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba uchovu huu unatokana na msongo wa kazi uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Haukuhesabiwa kuwa ugonjwa, lakini una dalili 3:
- Mtu anaishiwa nguvu kabisa.
- Moyo wake unakuwa mbali na kazi, au anaichukia.
- Anaona kazi yake haileti faida tena.

Muuguzi aliyefika hapo anaweza kumfokea mama aliyechelewa kuleta mtoto. Mama akiona haya, safari nyingine atabaki nyumbani mpaka homa izidi. Tena, akili iliyo mbali hukosea upesi kuhesabu vidonge. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote.

2. KURUDISHA AKILI MAHALI ULIPO

Mwili unaweza kuwa zahanati, huku akili iko kwa mgonjwa aliyefariki jana au kwenye karo ya watoto. Zoezi la utulivu ni kuirudisha akili kwenye kazi iliyo mkononi, bila kujilaumu. Haliondoi huzuni, ila linakusaidia usiburutwe nayo.

Nafasi nzuri ni wakati wa kunawa mikono, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Fanya hivi:
(a) Kanyaga chini kwa miguu yote miwili.
(b) Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi.
(c) Sikia maji mikononi. Je, ni ya baridi au ya moto?
(d) Wazo likija, litambue: "Hili ni wazo la jana." Kisha rudi kwenye maji.
(e) Jiulize: "Ni nani aliye mbele yangu sasa?"

Kama ukifumba macho unaona mambo ya vita, usiyafumbe. Tazama kitu kimoja, kama mti au ukuta.

Mafunzo yenye mazoezi ya namna hii yamejaribiwa hapa Uganda, katika Rhino Camp, kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini. Wanawake 694 kutoka vijiji 14 walishiriki katika jaribio hilo. Baadhi yao walisikiliza mafunzo ya sauti kwa vikundi, vipindi 5. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: baada ya miezi 3, dhiki ya moyo ilikuwa imepungua zaidi kwa waliopata mafunzo kuliko kwa wenzao. Hivyo zoezi hili si la wauguzi peke yao. Hata wewe unaweza kulifanya.

3. PUMZI PEKE YAKE HAITOSHI

Zoezi haliongezi wauguzi wala dawa. Mhudumu anahitaji siku ya kupumzika, zamu zilizogawanywa kwa haki, na mtu wa kumsikiliza. Akikosa usingizi kwa wiki nyingi, aende kituo cha afya. Akifikiria kujiua, aende siku hiyo hiyo, tena asiende peke yake. Si aibu.

Sisi wakaaji nasi tuna sehemu yetu. Jambo linaloweza kungoja asubuhi, tusimgongee mhudumu usiku. Lakini mtoto mwenye degedege, mama mjamzito anayetoka damu, au mtu anayepumua kwa shida, hao hawangoji: gonga mlango mara moja.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI
1. Tutamtambuaje mhudumu aliyechoka moyo?
2. Kijijini kwetu, ni kazi gani tunaweza kumpunguzia?
3. Ni wakati gani wa siku wewe mwenyewe unaweza kufanya zoezi hili?