Somo: Meno ya Utotoni Yasiyong'oka kwa Mbwa wa Aina Ndogo



Katika maboma ya Arash, wilayani Ngorongoro, mbwa hufugwa kwa kazi. Usiku hulinda zizi na kubweka fisi anapokaribia. Mchana huandamana na wachungaji malishoni. Mbwa hao hubadili meno wakiwa bado wadogo, na aghalabu hakuna anayetambua, kwa kuwa meno ya utotoni hudondoka njiani au humezwa pamoja na chakula. Mtu aliyezoea mbwa wa namna hiyo anapopata mbwa wa aina ndogo, kama vile Maltese, Chihuahua, Pomeranian au Yorkshire Terrier, huamini kwamba mambo yatakwenda vivyo hivyo. Huenda yasiende hivyo, na kuchelewa kutambua jambo hilo humletea mbwa maumivu na mwenyewe gharama.

Kanuni ya somo hili ni fupi: meno mawili hayapaswi kukaa mahali pa jino moja.

1. Jinsi mbwa anavyobadili meno

Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo. Meno ya utotoni huanza kuota akiwa na umri wa wiki tatu hivi, na yakitimia huwa 28. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, meno ya kudumu huanza kuchomoza. Mizizi ya meno ya utotoni huyeyuka kidogo kidogo, meno hulegea, kisha hung'oka. Meno ya mbele hutangulia. Chonge na magego hufuata. Mbwa anapofikisha miezi saba huwa na meno ya kudumu, ambayo kwa kawaida ni 42, na asiwe na hata jino moja la utotoni.

Kwa mbwa wa aina ndogo, mara kwa mara mzizi wa jino la utotoni hauyeyuki inavyopasa. Jino la kudumu, likikosa nafasi, huota kando yake. Chonge ndizo huathirika zaidi. Katika taya la juu, chonge ya kudumu huota mbele ya ile ya utotoni. Katika taya la chini, huota upande wa ndani, karibu na ulimi. Hali hii hurithiwa pia, hivyo mbwa aliye nayo hafai kuzalishwa.

2. Madhara ya kuliacha jino

Madhara ya kwanza ni uchafu. Chakula na nywele hunasa kati ya meno yaliyobanana, ukoga hujijenga, ufizi huvimba, na hatimaye hata jino la kudumu huweza kulegea na kupotea.

Madhara ya pili ni makubwa zaidi. Chonge ya kudumu ya taya la chini ikizuiwa kukaa mahali pake, huendelea kukua upande wa ndani na kuelekea juu. Mbwa anapofumba kinywa, ncha yake huchoma kaakaa, na huweza kulitoboa. Pamoja na hayo, mbwa huyo huendelea kula na kucheza. Usipime afya ya kinywa kwa hamu ya chakula; mbwa huvumilia maumivu kwa muda mrefu kabla ya kuacha kula.

3. Jinsi ya kukagua

Kabla ya kugusa kinywa cha mbwa yeyote, jiulize kwanza kama amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mbwa anayetokwa na mate mengi, aliyelegea taya, anayeshindwa kumeza, au aliyebadilika tabia ghafla, asifunguliwe kinywa kwa kudhaniwa kuwa anaumwa jino. Mfungie mahali salama na umwite mtaalamu wa mifugo. Aliyeumwa au kuparuzwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa huo zikishamtokea binadamu, ni nadra sana apone. Kinga hutolewa mapema.

Kwa mbwa mwenye afya na aliyechanjwa, kagua mara moja kwa wiki kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba. Mpakate, inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba, kisha shusha wa chini. Tazama chonge zote nne. Chonge ya utotoni ni nyembamba na kali kama sindano. Ya kudumu ni nene na imara. Ukiziona mbili zimesimama pamoja, andika tarehe. Ile ya utotoni ikiwa inatikisika, yaelekea itang'oka yenyewe katika siku chache. Ikiwa imara, usisubiri atimize mwaka. Tafuta daktari wa mifugo ndani ya wiki moja au mbili. Jino la kizuizi likiondolewa mapema, jino la kudumu huweza kujisogeza lenyewe hadi mahali pake. Likichelewa, marekebisho huwa magumu na ya gharama kubwa.

4. Mfano

Huu ni mfano wa kutungwa. Mwalimu kijana wa Arash aliletewa mtoto wa mbwa wa aina ndogo kutoka mjini Arusha. Mbwa alipofikisha miezi mitano na nusu, mwalimu aliona chonge mbili upande mmoja wa taya la chini. Jirani alimshauri atumie koleo. Yeye akaenda kwanza kwa ofisa mifugo.

“Shikamoo, Bwana Mifugo.”

“Marahaba, mwalimu. Habari za huyo mdogo wako?”

“Ana meno mawili mahali pamoja. Nimeambiwa niling'oe moja.”

“Utang'oa lipi? Na mzizi ukikatikia ndani, utauchimba kwa nini? Ulilolishika ni ncha tu, mwalimu. Lililobaki limo ndani ya taya.”

Mwalimu hakuwa na jibu. Alipanga safari ya kwenda kwa daktari wa mifugo mwenye vifaa.

5. Mambo ya kutofanya nyumbani

Usiling'oe jino kwa koleo, uzi wala vidole. Mzizi wa chonge ya utotoni ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, tena ni mwembamba na umepinda. Hukatika upesi. Kipande kinachobaki huweza kutunga usaha, na jino la kudumu lililo jirani huweza kujeruhiwa.

Usimpe mbwa mfupa mgumu au jiwe ili jino lilegee. Huweza kuvunja hata meno ya kudumu.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu, kama vile panadoli, diklofenaki au ibuprofeni, bila agizo la daktari wa mifugo. Kipimo kidogo kwa mtu huweza kuwa sumu kwa mbwa wa kilo mbili.

6. Kabla ya kulipia huduma

Madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Unayo haki ya kuuliza kama anayekuhudumia amesajiliwa. Uliza pia yafuatayo, na uandikiwe majibu pamoja na bei:

(a) Je, mbwa atapewa dawa ya usingizi, na nani atamwangalia hadi azinduke? Kazi hii haifanywi mbwa akiwa macho, ameshikwa kwa nguvu.
(b) Je, kipo kipimo cha eksirei cha kuhakikisha mzizi wote umetoka?
(c) Je, bei ni ya kila jino au ya kazi nzima, na je, inajumuisha dawa za maumivu na kurudi kukaguliwa?
(d) Mbwa akae bila chakula kwa saa ngapi? Mbwa mdogo sana huweza kuishiwa nguvu akishinda na njaa, kwa hiyo fuata saa ulizopewa.
(e) Ikiwa unakusudia kumhasi, je, kazi zote mbili zaweza kufanywa katika usingizi mmoja?

Dai risiti. Kwa wakazi wa Arash, hesabu pia safari. Kabla ya kupita Ngorongoro au Serengeti kwenda Karatu, ulizia kanuni za hifadhi kuhusu mbwa. Njia ya Ngaresero na Mto wa Mbu huenda ikakufaa zaidi. Piga simu kwanza ujue kama daktari yupo na vifaa vipo. Baada ya matibabu, mpe mbwa chakula laini kwa muda utakaoelekezwa.

7. Kabla ya kununua mbwa

Mtoto wa mbwa wa wiki nane bado ana meno ya utotoni tu. Hakuna muuzaji awezaye kukuhakikishia kwamba yatang'oka vema. Uliza basi kuhusu wazazi wake: je, waling'olewa meno na daktari? Mbwa wa miezi saba au zaidi mkague kinywa kabla ya kutoa fedha, kwa maana kasoro hiyo huonekana kwa macho. Taka kadi ya chanjo na makubaliano ya maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini dai lenye maandishi ni rahisi kulithibitisha.

Maswali ya kujipima

1. Mbwa anapaswa kuwa amemaliza meno ya utotoni akiwa na umri gani?
2. Kwa nini hamu ya kula si kipimo cha afya ya kinywa?
3. Ni dalili zipi zinakukataza kufungua kinywa cha mbwa?
4. Taja mambo matatu utakayomwuliza daktari kabla ya kulipa.

Ukiweza kuyajibu, chukua kalenda sasa, andika siku mbwa wako atakapotimiza miezi minne, na siku hiyo anza kumkagua.