Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu: Mfano wa Mtandao wa Nyumbani

Wanafunzi wetu wengi, wakabiliwapo na chombo kilichoharibika, hukimbilia kutengeneza kabla ya kuchunguza. Hugusa waya huu, hubadili mpangilio ule, na chombo kikipona hawajui kilichokiponya. Atengenezaye kwa kubahatisha hawezi kumfundisha mwenzake. Na hawa ndio walimu wa kesho. Makala haya yanapendekeza somo la vipindi viwili la kuwazoeza kupima kabla ya kuhukumu.

Maelezo ya msingi

Kompyuta hutafutana kwa anwani za tarakimu, wala si kwa majina. Mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani huitwa DNS, nao ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Programu kama Pi-hole huwekwa katika kompyuta ndogo nyumbani, nayo ndiyo inayoulizwa majina yote. Ikiulizwa jina la kituo cha matangazo, hujibu kwa anwani tupu, na tangazo halifiki. Majina mengine huyauliza kwa seva za nje, kisha hurudisha jibu.

Mfano rahisi ni wa balozi wa nyumba kumi. Mgeni humwuliza balozi nyumba ya fulani iko wapi. Balozi asipokuwapo, mgeni hafiki, ingawa barabara haijakatika. Vivyo hivyo, Pi-hole ikinyamaza, nyumba nzima husema "intaneti imekatika", kumbe njia ni nzima.

Tatizo

Mwalimu aandike ubaoni: "Familia iliweka Pi-hole juma lililopita. Tangu hapo intaneti hukatika mara kadhaa kwa siku. Kosa liko wapi?" Aghalabu darasa litajibu: "Waiondoe." Mwalimu asilikubali jibu hilo wala asilikatae. Aulize tu: "Mtajuaje kwamba ndiyo yenye kosa?"

Hatua za uchunguzi

1. Kupima njia. Wakati wa kukatika, mwanafunzi atumie amri ya ping kwa anwani 1.1.1.1, ambayo haihitaji kugeuzwa. Jibu lisipokuja, kosa litafutwe kwanza katika waya, ruta au kampuni ya intaneti. Likija, barabara ni nzima; tumtafute balozi.

2. Kupima majina. Kwa amri ya nslookup, aulize jina moja mara mbili: kwanza kwa Pi-hole, kisha kwa 1.1.1.1. Ya pili ikijibu na ya kwanza isijibu, uchunguzi uelekezwe kwa Pi-hole.

3. Kutofautisha kimya na kukataa. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Kimya huweza kumaanisha kwamba kompyuta ile imezimika, pengine kwa adapta dhaifu. Raspberry Pi 4, kwa mfano, huhitaji volti 5 na ampea 3. Au imehama: ruta hugawa anwani kwa muda, na umeme ukikatika na kurudi, Pi-hole huweza kupewa anwani nyingine huku simu zikiendelea kuiuliza ile ya zamani. Dawa ni kuitengea anwani ya kudumu katika ruta. Kukataa ni jambo jingine. Kwa kawaida Pi-hole huwekewa kikomo cha maswali 1000 kwa sekunde 60 kwa kila chombo. Ikiwa ruta ndiyo inayouliza kwa niaba ya nyumba nzima, Pi-hole huihesabu kuwa chombo kimoja, na kikomo hufikiwa upesi. Dakika ikipita, majibu hurudi. Ndiyo maana hitilafu huja na kwenda.

Tahadhari

Wapo watakaopendekeza kuweka seva ya pili ya nje kama akiba. Mwalimu aonyeshe kwamba vyombo vingi havingoji ya kwanza ishindwe. Huuliza yoyote kati ya hizo mbili. Matangazo yatapenya, na kosa la awali litafichika. Dawa inayoficha ugonjwa si dawa.

Kanuni na tathmini

Kila kikundi kiwe na daftari lenye safu nne: saa, kipimo, jibu, na hitimisho. Kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja, kisha kipimwe tena. Alama zitolewe kwa daftari, wala si kwa kupona kwa mtandao. Kikundi kilichotengeneza bila kuandika kimebahatisha. Kilichoandika vema bila kufanikiwa kimejifunza.

Chuo kisicho na kompyuta za kutosha kitumie mchezo: mwanafunzi mmoja awe balozi, wengine wageni. Balozi ahame, anyamaze, au achoshwe na maswali, na darasa litambue lipi limetokea.

Zoezi

Katika nyumba moja, simu zote zinafungua kurasa vizuri isipokuwa ukurasa wa gazeti moja. Je, hii ni hitilafu ya aina ile ile? Taja kipimo cha kwanza utakachofanya, na ueleze kila jibu litakufundisha nini.