Sumukuvu: Adui wa Vifaranga

Kizimbani, Unguja, ndipo yalipo makao ya utafiti wa kilimo wa Zanzibar. Hapa, kama kisiwani kote, mvua za masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, hewa hujaa unyevu, na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota kuvu. Mara nyingi mahindi yaliyokataliwa na watu hayatupwi, bali hupewa kuku na bata. Uwekevu huu una hatari kubwa.

Mwaka 1960, nchini Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sumu yake ikapewa jina la aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili ni sumukuvu.

Sumu hii hushambulia ini. Mnyama mchanga hudhurika upesi kuliko mkubwa. Miongoni mwa ndege wafugwao, vifaranga wa bata ni dhaifu mno. Watoto wa nguruwe, wafugwao zaidi Bara, nao huathirika vivyo hivyo. Mnyama hukosa hamu ya kula, hudumaa, na hatimaye huweza kufa. Wala madhara hayaishii bandani. Ng'ombe aliyelishwa sumu hiyo huitoa katika maziwa. Na mwaka 2016, watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Sumukuvu haionekani kwa macho, na moto wa kupikia hauiangamizi yote. Kwa hiyo kinga ni kuizuia kuvu isiote. Mahindi yakaushwe juu ya turubai hadi unyevu usizidi asilimia 13, kisha magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Chakula kilichokwisha kusagwa kitumiwe mapema. Kilichoota kuvu asipewe mnyama yeyote.

Jaribio la darasani

Tia mahindi katika chupa kavu hadi thuluthi yake. Ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vyema, ufunge, utikise kwa dakika 3, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi yarudishwe juani. Isiponata, bado yaendelee kukaushwa kidogo ili yafikie asilimia 13. Wanafunzi wakumbuke kwamba jaribio hili hupima unyevu tu; halipimi sumu iliyokwisha kuingia.