Mlinzi Huyu Ametumwa na Nani?

Wengi wetu tumewahi kupokea antivirusi kwenye flashi ya rafiki, au kuipakua bure katika tovuti isiyo ya mtengenezaji. Tunajiambia kwamba programu ya ulinzi haiwezi kudhuru, kwa kuwa kazi yake ni kulinda. Kosa letu linaanzia hapo.

Tutafakari kazi ya mlinzi. Ili akague kila chumba, hupewa funguo zote. Antivirusi nayo, ili ikague kila faili, huruhusiwa kufungua kila faili. Hivyo antivirusi bandia ni hatari kuliko mchezo bandia: funguo tumeikabidhi sisi wenyewe. Tena, programu za kulipia zilizochakachuliwa mara nyingi huja na agizo la kuzima kwanza ulinzi uliomo katika kompyuta. Tunamfukuza mlinzi tunayemjua ili aingie tusiyemjua.

Hatari hii si ya kufikirika. Desemba 2008, nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia haki za walaji ilikwenda mahakamani kuhusu programu kama WinFixer na XP Antivirus. Matangazo yake yalijifanya kuikagua kompyuta ya mtu na kukuta virusi ambavyo havikuwapo, kisha yakamwuzia dawa. Tume ilisema waliodanganywa walizidi milioni moja. Watu hao hawakuwa wazembe. Walinaswa kwa sababu walitaka kuwa salama.

Tufanye nini basi?

1. Tupakue programu kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, tukiandika anwani yake badala ya kubofya tangazo.
2. Tusiamini onyo la virusi linalojitokeza ndani ya tovuti. Tuifunge.
3. Kama hatuna fedha, tutumie kinga iliyomo tayari. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender bila malipo. Tusiizime, na tusasishe kompyuta mara kwa mara.

Tukumbuke pia kwamba kompyuta zetu hubeba siri za wengine: barua, matokeo ya wanafunzi, majina ya wagonjwa tuliowatembelea. Anayeingiza mgeni asiyemjua huhatarisha nyumba nzima. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Swali la kujadili: Je, programu ya ulinzi tunayoitumia leo ilitoka wapi, na nani anaweza kuthibitisha?