Njia fupi ya kwenda Kariakoo

BARUA

Nina miaka 38, ni mhadhiri wa sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Nilimaliza shahada ya uzamivu miaka sita iliyopita. Muhula huu nina masomo matatu. Darasa la mwaka wa kwanza peke yake lina wanafunzi 340, na nasimamia miradi 14 ya mwaka wa mwisho. Tangu nimalize masomo nimechapisha makala mbili tu, na niliosoma nao wameshapanda kuwa wahadhiri waandamizi. Kinachoniuma zaidi ni hiki: wanafunzi wananiletea programu zilizoandikwa na akili mnemba, safi kuliko ninavyoandika mimi. Nikimuuliza mmoja anieleze mstari wa tano unafanya nini, anatazama chini. Naona niliyoyasomea yameshapitwa na wakati, na ya kunipandisha cheo sina muda nayo. Benki moja imeniita kazini kwa mshahara unaokaribia mara mbili ya ninaoupata. Mume wangu anasema niende. Asubuhi nikifungua mlango wa ofisi machozi yananitoka. Je, Mzee, miaka yangu nimeipoteza?

Mwalimu Aliyekwama, Dodoma

JIBU

Hujaipoteza, mwanangu. Naliweka jibu hilo mbele ili usisome yanayofuata ukiwa na roho juu.

Barua yako imefunga mambo matatu kwa fundo moja: hofu kwamba elimu yako imechacha, utafiti usiosogea, na benki. Nitayafungua moja moja. La kwanza nitakaa nalo zaidi, maana naona ndilo linalokuliza.

Mimi nimeshika chaki miaka 31 nikifundisha hisabati sekondari; kompyuta nimeijua ukubwani. Lakini ipo habari ya mwalimu mmoja wa fani yako, Edsger Dijkstra wa Uholanzi, ambaye bila shaka unamjua kuliko mimi. Mwaka 1956, kituo cha hisabati alichofanyia kazi Amsterdam kilikuwa kinazindua kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC. Yeye alitakiwa kutafuta swali ambalo hata wageni wasio wataalamu wangelielewa, ili kompyuta ilijibu mbele yao. Akachagua hili: kutoka mji huu hadi ule, njia ipi ni fupi kuliko zote? Asubuhi moja alikuwa amezunguka madukani na mchumba wake, wakachoka, wakaketi mkahawani kunywa kahawa. Hapo hapo, bila karatasi wala kalamu, kwa dakika kama 20, akaipata kanuni yenyewe. Makala yake ilichapishwa 1959, nayo ilikuwa ya kurasa tatu tu.

Baada ya kusoma barua yako niliijaribu kanuni hiyo na mjukuu wangu wa kidato cha pili, mezani, kwa penseli na kifutio. Tulichora vituo vinne vya Dar es Salaam: Ubungo, Kigogo, Magomeni na Kariakoo. Dakika nilizitunga mwenyewe. Ubungo hadi Kigogo 15, Ubungo hadi Magomeni 30, Kigogo hadi Magomeni 10, Kigogo hadi Kariakoo 35, Magomeni hadi Kariakoo 15. Tukaandika sifuri juu ya Ubungo, 15 juu ya Kigogo, 30 juu ya Magomeni. Iliyo ndogo ni Kigogo, tukaizungushia duara: hiyo imekwisha, haiguswi tena. Kutoka Kigogo, Magomeni ikawa 25, akafuta 30. Kariakoo ikawa 50. Sasa ndogo ni Magomeni, tukaizungushia duara. Kutoka hapo Kariakoo ikawa 40, akafuta 50. Kwisha kazi.

Nikamuuliza, "Kwa nini tulisema Kigogo haiguswi tena? Huogopi kwamba kuna njia fupi zaidi hatujaiona?" Alikaa kimya muda mrefu, kidole kikipita juu ya mistari. Kisha akasema, "Babu, njia nyingine yoyote ya kwenda Kigogo ni lazima ipitie kituo ambacho tayari kina dakika nyingi kuliko Kigogo. Na hakuna barabara ya kukurudishia dakika."

Mwanangu, ARMAC imeshakuwa historia. Lugha za kompyuta za wakati ule wanafunzi wako hawazijui. Lakini sababu aliyoisema yule mtoto ilikuwa kweli 1956, ni kweli leo, na itifaki ya OSPF inayoelekeza data ndani ya mitandao mikubwa imesimama juu yake. Vyombo vya fani yako ndivyo vinavyochacha. Hicho ulichokisomea miaka yote, yaani kujua kwa nini kitu kinafanya kazi na ni lini kitashindwa, hakijachacha. Mwanafunzi aliyetazama chini alikuwa na programu safi, lakini hakuwa na "kwa nini" yake. Wewe unayo. Kwa hiyo usishindane naye kuandika, muulize.

Namna ya kuuliza ipo. Dijkstra alipohamia Chuo Kikuu cha Texas kule Austin mwaka 1984, mitihani yake ya mwisho ilikuwa ya mdomo. Mwanafunzi aliketi naye peke yake, ofisini au nyumbani kwake, kwa saa kadhaa. Kwa watu 340 huwezi, wala nisingekuambia ujaribu. Fanya hivi: kila wiki chagua wanafunzi 10 kwa kura, kila mmoja dakika tano, aje na programu aliyokusanya. Badilisha kitu kimoja mbele yake. "Tuseme kuna barabara yenye dakika hasi, nini kitaharibika?" Hiyo ni chini ya saa moja kwa wiki, na kwa wiki 15 umekutana uso kwa uso na wanafunzi 150. Wahadhiri wasaidizi wako wakichukua kura yao pia, hakuna atakayekusanya kazi asiyoweza kuieleza. Saa hiyo ikate kwenye zile unazosahihisha programu ambazo hazikuandikwa na mtu.

La pili, utafiti. Watu watakuambia mshika mawili moja humponyoka. Humponyoka anayeshika mawili yasiyohusiana. Wewe unafundisha huku, na utafiti wako, nadhani, umeuacha ng'ambo, kwenye mada ya tasnifu uliyoifanya kwa mitambo na data ambazo hapa huna. Tafuta swali lililo karibu na mkono wako. Wanafunzi 340 wanaojifunza kuandika programu kwa Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili ni swali. Neno "hawakutupikia", linalobeba sentensi nzima mgongoni, ni swali: mashine ilikate wapi ili ijue nani hakupika, na hakumpikia nani? Tangu 2019 wapo watafiti wa Kiafrika waliojikusanya chini ya jina Masakhane wakishughulikia lugha zetu kwa kompyuta, wengi wao wakiwa vijana waliotawanyika nchi mbalimbali. Si lazima ubaki peke yako na makala mbili.

Kisha tenga siku. Kule Eindhoven, Uholanzi, alikofundisha kabla ya Texas, Dijkstra na wenzake walikutana kila Jumanne alasiri, wakasoma andiko moja pamoja, sentensi kwa sentensi, wakilihoji. Hilo unaweza kulianzisha na wenzako watatu na wanafunzi wawili wa uzamili, bila ruzuku, kwa makala moja iliyochapwa. Saa za mkutano huo ziandike kwenye ratiba kama kipindi, na uzitetee kama unavyotetea kipindi.

Lakini nisikudanganye kwa mfano mzuri. Dijkstra, kuanzia 1973, alilipwa na kampuni ya Burroughs afanye utafiti wake nyumbani, na chuoni alikwenda siku moja tu kwa wiki. Hakuwa na masomo matatu na miradi 14. Usijipime kwa mtu aliyebeba mzigo mwingine. Mzigo wako ni mzito mno kwa mtu mmoja, na huko kukwama kwako si uvivu. Nenda kwa mkuu wa idara ukiwa na karatasi yenye namba: saa za kufundisha, za kusahihisha, za kusimamia miradi, na zinazobaki. Omba mambo mawili tu: somo moja liondolewe mwakani, na miradi isizidi minane. Namba husikilizwa pale ambapo malalamiko hayasikilizwi.

La tatu, benki. Kwenda huko si usaliti. Mifumo ya benki nayo inahitaji watu wanaojua kwa nini kitu kinashindwa. Kama ada za watoto au matibabu ya mzazi ndiyo yanayokusukuma, nenda, na usione haya mbele ya mtu yeyote. Lakini barua yako haikutaja ada. Imetaja kijana aliyetazama chini, na umeieleza habari yake kwa uchungu kuliko ya mshahara. Ndiyo maana nakushauri usiende kabla hujapeleka ile karatasi yenye namba. Waombe benki wiki tatu. Mkuu wako akikubali, baki muhula mmoja na ufanye haya. Akikataa yote mawili, chukua kazi ya benki, na uombe kipindi kimoja cha jioni chuoni usije ukaipoteza chaki kabisa.

Na mumeo, mwanangu, usimhesabu kuwa hakuelewi. Yeye anaona machozi. Karatasi ile ya saa hajaiona. Mwonyeshe usiku mmoja, mpange pamoja.

Yule kijana mtafute kabla ya wiki hii kwisha. Usimwambie neno juu ya udanganyifu. Mkalishe ofisini kwako, mpe penseli na kifutio, chora vituo vinne, umuulize kwa nini Kigogo haiguswi tena. Akikaa kimya, mvumilie. Mjukuu wangu naye alikaa kimya.